Fimbo Iliyojieleza

Hapo zamani, vitu vilipokuwa bado vinajibu vikiulizwa, aliishi mfinyanzi asiyeona, Bi Nambwe. Hakumwamini mtu, na sababu alikuwa nayo: kila aliyemshika mkono alimpeleka alikotaka mwenyewe. Bintiye Semeni, aliyeolewa ng'ambo ya mto, alikuwa mjamzito. Bi Nambwe akaapa: "Siku ya uchungu nitakwenda kwa miguu yangu, nisishikwe na mtu."

Shekiondo mchongaji akamtengenezea fimbo inayolia. Mbele kukiwa na shimo ililia hivi; kukiwa na mti, vile; kukiwa na maji, namna nyingine. Milio ilikuwa mingi mno. Bi Nambwe akisikia mlio asioujua, husimama njiani mpaka Shekiondo aitwe aje kumweleza. Akaingiwa na shaka. "Fimbo ni yangu, lakini maana ya milio anayo yeye. Huyu naye kanishika mkono kwa mbali."

Mbelwa, mdogo wake Shekiondo, akaitia fimbo maneno. Ukisugua kifundo chake, inakueleza mlio. Lakini Mbelwa alikuwa mtu wa adabu, na katika nchi ile hakuna anayeanza neno kabla ya salamu. Fimbo iliposuguliwa ikaanza: "Shikamoo, mama. Umeamkaje? Watoto hawajambo? Mimi ni fimbo ya mninga, nimetoka kwa mafundi wa ukoo wa..." Bi Nambwe, naye mtu wa adabu, akawa anaitikia huku anatembea. Akatumbukia shimoni kabla ukoo haujatajwa.

"Nilijua," alisema akiwa humo humo.

Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Fimbo ikatupwa nyuma ya tanuri la vyungu. Chausiku, jirani yake, akaiokota, akawa anamfuata Bi Nambwe njiani. Kila aliposimama alimwuliza: "Hapa unataka kujua nini?" Kisha akaifundisha fimbo upya: acha salamu, eleza kilichopo pale anaposimama, na usichokijua useme hukijui. Bi Nambwe aliporudishiwa akaijaribu kwa kuiuliza njia ya kisimani, aliyoijua tangu utoto. Haikumdanganya. Hata hivyo alilala ameikumbatia, asije mtu akaichezea.

Mvua ikanyesha, uchungu ukamshika Semeni. Bi Nambwe akatoka peke yake. Mtoni fimbo ikalia mlio mgeni. Akasugua kifundo.

"Gogo la kuvukia limesogea. Kama litakubeba, sijui."

Akarudi nyuma, akazunguka kwa kivuko cha juu, akafika. Alimpokea mjukuu kwa mikono yake mwenyewe, akalia kwa furaha.

Sasa, kwao mtoto hupewa jina la aliyemfikisha bibi yake.

Shekiondo, aliyefika na wenzake kumwona mtoto, akasema: "Bila fimbo, kungekuwa na nini cha kueleza?"

Mbelwa akasema: "Fimbo ya kaka ilipiga kelele tu. Ulimi niliupa mimi. Leo adabu imekuwa kosa?"

Chausiku akasema: "Ulimi wako ulimtia shimoni. Mimi peke yangu nilimwuliza mwenyewe."

Semeni akasema kitandani: "Mama, mwingine angesikia 'sijui' akavuka tu. Wewe ulirudi kwa sababu una shaka. Jina ni lako."

Bi Nambwe akawageuzia sikio mmoja mmoja. Hakumwamini hata bintiye. Akasugua kifundo, akaiuliza fimbo.

Fimbo ikajibu: "Sijui."

Mtoto analia, hana jina. Nawe unayetaka kujibu upesi hivyo, tuambie kwanza kama una undugu na wachongaji. Haya, jina ni la nani?