Mbuzi wa Pazi

Mmenikuta nachambua mchele, mnataka hadithi. Kwenu hakuna kazi? Haya, kaeni, na msinimwagie ungo.

Hapo zamani palikuwa na mtoto, Sefu, mwembamba kama ufito. Baba yake wa kambo, Chande, alimsema kila chakula kikitengwa: "Kula tu, kuleta huleti!" Sefu akatoka akatafute cha kuleta. Akaangukia kwa Pazi, mkubwa wa wezi. Pazi akampa shati, akamwita mwanaume, akawa anampenyeza madirishani awafungulie wenzake milango.

Majirani wakamwambia mama yake, Mwanahawa, "Mfungie mlango huyo mwizi." Hakufunga. Kila jioni akamtengea chakula. Kisipoliwa, asubuhi akala kiporo mwenyewe.

Mji ukamtuma Bi Somoe, kazi yake kukaa na familia zilizopotewa na watoto. Akaja. Chande akamfukuza. Akaja tena. Akamfukuza. Akaja tena, king'ang'anizi yule, mpaka Chande akasema mwenyewe: "Mdomo wangu ndio uliomtoa."

Basi Chande akamfuata Pazi na wezi wake sokoni, mchana kweupe. "Nimemfuata mwanangu." Wakamvunja mkono, soko zima linaona. Akampa Sefu mkono uliobaki, wakarudi nyumbani.

Watu wakamkamata Pazi, wakampeleka kwa wazee. Wazee wakaamua: atoe mbuzi wake wa maziwa, apewe aliyemrudisha mtoto.

Mwanahawa akasema, "Apewe mume wangu. Mimi nilipika tu, yeye kavunjika. Ahsante, baba Sefu." Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo.

Chande akasema, "Nimfukuze mtoto, halafu nilipwe kwa kumrudisha? Sina haya? Apewe Bi Somoe. Bila yeye ningekuwa natukana mpaka leo."

Bi Somoe akasema, "Mimi nilikuta mlango wazi na chakula mezani. Ningekuta umefungwa, mtoto ningemrudisha wapi? Apewe mama yake. Namshukuru yeye."

Sefu naye, hana adabu: "Apewe yeyote, si mchungaji ni mimi?" Wakacheka, Mwanahawa akifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Pazi kasimama juani, kamba ya mbuzi mkononi, wanawe nyuma wanamlilia mbuzi wao. "Jamani, mchukueni basi! Nimpe nani?"

Haya, nyie mnaojua kula wali wangu: kamba ile, nani alistahili kuipokea?