Kibuyu cha Pimbi

Hapo zamani za kale, kale hasa, twiga bado ana shingo ya kuku, kulikuja ukame mpaka mamba wakaoga vumbi. Kisima kilibaki kimoja, na Nyati kakilalia.

Nyati huyo akipiga chafya, kijiji cha pili wanaanua nguo.

Pimbi, kanyama kadogo kama kiatu, aliacha wanawe wakilamba mtungi mkavu, akamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Nataka tushindane. Nikishindwa, nahama na ukoo wangu. Nikishinda, kisima cha wote."

Nyati akacheka mpaka kupe wakamdondoka. "Haya. Mbio za kwenda mgunga ule, halafu mbio za kurudi. Mchezo wa tatu chagua wewe, usije ukalia."

Mgunga ulikuwa hapo hapo tu. Nyati hakutaka kwenda mbali na maji yake.

"Wa tatu, kukaa kimya," alisema Pimbi. "Kobe atupimie. Tangu mmoja amalize mpaka mwenzake naye amalize, awe anadondosha kokoto moja moja kwenye kibuyu cha mshindi. Mwenye kibuyu kizito ndiye bingwa."

"Hata ukitaka mawe."

Wakatoka, tifu tifu tifu! Nyati akafika kwanza, Pimbi nyuma ya mkia wake. To. Kokoto moja. Kurudi, vilevile. To.

"Mbili kwa bure," alisema Nyati. "Fungasha, bwana mdogo."

"Bado kimya," alisema Pimbi.

Wakaketi. Kimyaaa. Nzi wakasikia haya kuruka.

Nyati akavumilia, akavimba, mwisho akashindwa. "Jamani, mnaona ninavyojua kunyamaza?"

To, akadondosha Kobe kwenye kibuyu cha Pimbi. To. To.

"We Pimbi, sema basi nawe. Mkeo anakuita."

Pimbi kimya. To. To.

"Nyumba yako inaungua."

Koo lilimkauka Pimbi kama kigae. Akawaza ule mtungi, akauma ulimi. To, to, to, mpaka kibuyu kikafurika, Kobe akaomba sufuria.

Ndipo Pimbi akafungua mdomo. "Wanangu, njooni mnywe."

"Wapi," alisema Nyati. "Nimeshinda miwili, yeye mmoja."

"Chukua chako," alisema Kobe.

Nyati akakitikisa: kacha kacha. Akaenda kuinua cha Pimbi, mshipi wa kibuyu ukakatika. Akasogea pembeni, watoto wakapita.

Basi, wanangu, mkiingia mashindanoni, msihesabu michezo mliyoshinda. Ulizeni kila mmoja una uzito gani.