Nani Aliyeyaua Machenza ya Kichenzani

Hapo zamani, zamani isiyo mbali sana maana majivu yake tumeyakanyaga wenyewe, bonde la Kichenzani lilikuwa likila, likivaa na kuozesha mabinti zake kwa machenza.

Kulikuwa na makangaja, madogo, makali, ya kumwamsha mtu usingizini. Kulikuwa na machenza ya kiajemi, ganda limelegea kama kanzu ya kuazima. Na kulikuwa na machenza ya Mzee Vuai, aliyoyabebesha mwenyewe, kijiti cha mchenza juu ya shina la mdanzi mchungu, matamu mpaka mlaji anafumba macho.

Mzee Vuai alikuwa mjane, na watoto waliombakia ni wawili: Pandu na Mize. Mize ndiye aliyekuwa ulimi wa bonde. Mfunge kitambaa machoni, mpe kipande. Atakwambia ni chenza gani na limetoka shamba la nani. Wanunuzi hawakupakia mpaka Mize aonje.

Mwaka mmoja Pandu akarudi safari ya bara na miche mitatu, mizizi imeviringwa kwa gunia bichi.

"Baba, machenza yake hayana kokwa. Watu wa mjini siku hizi hawataki kutema."

Mzee akambusu kipajini. Hakuna aliyeuliza miche imetoka shamba gani. Wakaipanda kando ya mti wa Mtumwa, nayo ikashika.

Mtumwa alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Vuai. Siku aliyozaliwa, baba yake alizika kondo lake na juu yake akapanda mchenza. Mtoto alifariki ana miaka tisa. Mti ukabaki.

Mwaka wa pili Mize akachuma chenza la mti wa Mtumwa, akaonja. Uchungu mdogo ukamgusa nyuma ya ulimi, uchungu asioujua, wala si wa kangaja wala wa danzi. Akainua macho. Baba yake alikuwa anamtazama huku anatabasamu, na tangu mama yao azikwe hakuwa ametabasamu.

"Vipi, mwanangu?"

"Tamu, baba," Mize akasema, akameza.

Miezi mitatu baadaye majani ya mti huo yakageuka manjano. Bwana shamba akaja, akaligeuza jani.

"Mzee, huu ung'oe leo hii uuchome, pamoja na miche hii iliyouambukiza. Ukiuacha, wadudu watayahamisha maradhi mti kwa mti."

Mzee akaitikia. Mgeni alipokwenda zake, akaliegemeza shoka ukutani.

"Nimeshamzika mara moja," akamwambia Mize. "Mara ya pili siwezi."

Mize akaona shoka, akaona baba yake, akaingia jikoni.

Basi miti ikaanza kukauka. Ya Bi Time, jirani yao, ikafa. Ya Makame ikafa. Machenza yakatoka kombo, nusu kijani, machungu kama shubiri, yakidondoka kabla ya kuiva. Wenye nguvu wakafunga virago. Makame, mwenye miti sitini, alilala akageukia ukuta, hakuinuka tena. Kwenye matanga yake Bi Time alimshika Mize mkono.

"Mwanangu Mize, ulimi wako ulikuwa wapi?"

Tangu siku hiyo chakula kikawa udongo kinywani mwa Mize.

Siku ulipochomwa mti wa mwisho, wazee waliobaki wakasema: mwenye kosa ahame, asirudi hata kuzikwa. Lakini ahame mmoja tu. Bonde lililokwisha watu halifukuzi nyumba nzima.

Pandu akasimama. "Ni mimi. Maradhi yamekuja mgongoni mwangu. Nisingesafiri, leo tungekuwa tunavuna."

Mize akamvuta chini. "Kaka hakujua. Mimi nilijua. Ulimi uliniambia, nikaudanganya umma mzima kwa neno moja. Ni mimi."

Mzee Vuai akainuka kwa kushika bega la binti yake. "Mtoto alihisi tu. Mimi niliambiwa kwa maneno, na shoka nilikuwa nalo mkononi. Niacheni niende."

"Uende wapi na magoti hayo, baba?" Mize akalia. "Na kaburi la mama? Na la Mtumwa?"

"Ndiyo sababu niende mimi," mzee akasema. "Makaburi ni yangu, na kosa ni langu."

Bi Time akajifunika uso kwa kanga. Moshi ukawapitia wote, na hakuna mzee aliyethubutu kutamka jina.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, semeni, wala msiniambie wagawane, maana ni mmoja tu wa kuondoka. Aliyeleta asijue, aliyejua akanyamaza, aliyeambiwa akashindwa: je, nani alistahili kufunga mzigo?