Dereva wa Pili

Wapendwa, leo sitambembeleza mtu. Nimepanda mimbarini hapa nikiwa na hasira, na mtaniruhusu niitoe yote.

Kulikuwa na tajiri mmoja aliyenunua basi la kwenda mikoani. Akaenda kuomba leseni ya usafirishaji. Afisa akamwambia, "Lete kadi ya gari, bima, cheti cha ukaguzi na mikataba ya madereva wawili. Safari yako ni ya saa kumi na nne. Dereva mmoja hawezi."

Vyote alikuwa navyo, isipokuwa dereva wa pili. Je, alitafuta dereva? Wapi! Alimwendea jirani yake, mwalimu mstaafu aitwaye Anyelwisye. Mwalimu huyu alikuwa mzee wa kanisa, aliwahi kuendesha basi la shule, na leseni yake ya udereva ilikuwa bado hai.

"Mwalimu, niazime jina tu," tajiri akamwambia. "Weka saini hapa. Usukani hutaugusa hata siku moja."

"Kama ni karatasi tu, kuna ubaya gani?" mwalimu akajibu. Akasaini.

Leseni ikatoka. Basi likaletwa kanisani, mchungaji akaliombea, washirika wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza ni nani atakayeliendesha.

Miezi minne baadaye, binti wa mwalimu akajifungua mkoa wa mbali. Mwalimu akapanda basi lilelile kwenda kumwona mjukuu, akakaa mbele, pembeni ya mama mmoja muuza viazi. Dereva alikuwa peke yake, kama siku zote. Ilipofika saa tisa alasiri, basi likaacha lami, likakwaruza changarawe, likarudi barabarani. Abiria wakapiga kelele.

"Jamani, macho yanajifumba yenyewe," dereva akasema. "Jana nimefika usiku, leo asubuhi nimegeuza."

Yule mama akainuka. Juu ya kioo cha mbele palikuwa pamebandikwa majina ya madereva. Akasoma kwa sauti: "Dereva wa pili, Anyelwisye Mwakalobo. Yuko wapi huyu? Aje ampokee mwenzake!"

Nawauliza ninyi, alikuwa wapi? Alikuwa ameketi hapo hapo, kikapu cha yule mama kikimgusa magoti! Angesema tu, "Ni mimi, jina hilo ni la uongo, simamisheni gari," basi lingesimama, dereva akalala, watu wakafika. Ni pumzi moja tu. Lakini mwalimu aliona haya. Akageuza uso, akatazama dirishani.

"Dereva wa pili atapandia mbele huko," konda akadanganya. Mama akaketi.

Mbele huko hawakufika. Basi lilitumbukia korongoni. Mwalimu alitoka na mchubuko wa kiwiko. Yule mama alizikwa Jumamosi, ameacha watoto watano. Na wachunguzi walipofungua faili la leseni, walikuta nini? Kila kitu kimekamilika! Haukupungua hata muhuri mmoja.

Sasa naona mnatikisa vichwa, mnamlaani tajiri. Mlaanini, sikatazi. Lakini tajiri peke yake asingeipata leseni ile. Alihitaji mtu mwema. Alihitaji mzee wa kanisa, jirani asiyependa kumkatalia mtu!

Ndiyo sisi hao. Masharti yale yaliwekwa ili mama afike nyumbani kwa watoto wake, sisi tunayaita usumbufu. Ni nani hapa ambaye hajasaini ushahidi wa jambo asiloliona? Ni nani hajaandika barua ya kumthibitisha mtu asiyemjua, eti kwa kuwa ni ndugu yetu katika Bwana? Upendo gani huo, unaozika watu?

Mbele za Mungu hakuna karatasi tu. Kesho ofisi zinafunguliwa asubuhi. Kama jina lako limeandikwa mahali ambapo wewe mwenyewe hupo, nenda ukalifute. Ukishalifuta, ndipo uje hapa kushiriki meza ya Bwana.