Kopo la Kuazima

Ndugu zangu waumini, najua mna njaa, na harufu ya pilau za majumbani hata mimi inanifikia hapa nilipo. Nivumilieni kidogo, niwape mfano wa pilau hiyo hiyo.

Kulikuwa na mama mmoja, bingwa wa kupima. Alikuwa na kopo lake la maziwa ya unga, limebabuka rangi kwa kuoshwa. Kopo moja la mchele, watu wanne. Maji makopo mawili, si tone zaidi. Chai ya wageni, kikombe kimoja na nusu kwa kila kichwa, maana nani anayekataa cha pili? Penye shughuli, mtaa mzima ulimwita yeye. Kina mama mnacheka, mnamjua!

Jirani yake alikuwa bibi mmoja aliyeishi peke yake. Kila Ijumaa asubuhi bibi hupiga hodi.

"Mwanangu, niazime kopo lako."

Mama humpa. Alasiri kopo hurudi, limeoshwa, limekauka, halina kitu. Na huko kwao chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Unatia japo ndimu mbili, japo majani ya mchaichai. Tangu Ijumaa ya kwanza mama alinung'unika moyoni. Ya nne akamwambia mumewe, "Bibi huyu nampenda, lakini mchoyo! Hata ukoko hajaniletea."

Ijumaa ya tano mama alikuwa na wageni ishirini, wanakuja kumposa binti yake. Ananyoosha mkono, kopo halipo. Akatoka mbio mpaka kwa bibi, hodi haijaitikiwa, keshaingia. Sufuria inachemka jikoni. Akafunua mfuniko. Maji matupu! Na kopo liko pembeni, kavu.

"Bibi, mchele uko wapi?"

"Uliisha mwezi uliopita, mwanangu. Hayo maji nimeyabandika ili watu waone moshi."

"Sasa kopo unaazima la nini?"

Bibi akainamisha uso. "Mtu mzima nitaombaje mchele? Nikaazima kopo. Nilidhani utaelewa."

Wallahi, mama yule alilia. Wageni wako njiani, yeye kasimama jikoni kwa watu analia. Kisha akajifuta kwa kanga, akasema, "Bibi, niazime sufuria yako, yangu haiwatoshi wageni. Na uje nayo mwenyewe, maana mimi nitaiunguza."

Mmesikia alivyosema? Hakumwambia njoo nikulishe. Naye aliazima! Bibi akajifunga kanga kiunoni, akaenda kupika, akala na wageni kama mwenye nyumba.

Sasa sisi. Sisi kwa kupima hatujambo. Wageni wa posa tunawahesabu, hakosi mtu kipande chake cha nyama. Lakini mama yule wiki nne alinung'unika kwamba kopo linarudi tupu. Je, kuna siku alikumbuka kwamba lilitoka kwake tupu?

Jirani akija kuomba kiberiti, usikimbilie kiberiti. Mwambie aingie, akae, mtazame uso. Maana wiki hii, ndugu yangu, kuna mtu alipiga hodi kwako akaazima kitu kidogo tu. Ukampa upesi, ukafunga mlango. Alikuwa anataka nini?