Kanda Lisilotuliwa

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Mmeisikia leo mlipomcheka mwenzenu aliyekuwa akilia, na sasa mnauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani palikuwa na karakana ya magodoro, na humo wanawake walichambua usufi wameketi duara. Desturi yao ilikuwa kwamba aliyefiwa haachwi kimya: huyu atamtegea kitendawili, yule atamwimbia, hata siku ipite. Mwanaidi alipomzika bintiye, duara lile ndilo lililomshika asianguke.

Kisha akaja msimamizi mpya, Bwana Shekue, mtu wa kujisikia. Akaona midomo inafanya kazi kuliko mikono. Akamtoa Mwanaidi, akampeleka ghalani achambue peke yake, mlango umefungwa ili usufi usipeperuke. Humo ghalani msiba ukamrudia upya. Usingizi ukamhama, na chakula kikawa hakipiti. Akaenda kumshtaki Shekue kwa jumbe, mkuu wa mji.

"Ukishindwa, usirudi kwangu," Shekue alimwambia. Mwanaidi hakuwa na kazi nyingine, na aliogopa.

Siku ya shauri, Shekue akaja barazani na kanda, mfuko wa ukindu, limejaa usufi, akajitwika. "Jumbe, kazi yake ndiyo hii. Ujira ni ule ule, na mwilini hana hata mkwaruzo. Huo mzigo anaoulilia ni kanda la usufi tu."

Watu wakacheka. Mwanaidi akainamisha uso, maana kidonda chake hakikuwa cha kuonyeshwa.

"Jepesi kweli," alisema jumbe. "Basi usilitue mpaka tumalize. Wala mtu asiseme naye."

Jumbe akamsikiliza Mwanaidi taratibu, kisha wenzake mmoja mmoja. Jua likapanda. Shekue akabadili mkono, akabadili tena. Shingo ikakakamaa, jasho likamwingia machoni, na hakuna aliyemtazama. Mwishowe akasema, "Jumbe, niruhusu nitue."

"Kwani limeongezwa kitu?"

"Hapana. Ila nimelibeba mno, na peke yangu."

Mwanaidi akainuka. "Langu, bwana, sijalitua tangu uniondoe kwa wenzangu."

Shekue akatua kanda lake. Mwanaidi akarudishwa duarani siku ile ile.

Basi mkimwona mtu analia na jeraha hamlioni, msicheke kama mlivyocheka leo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.