Mkeka wa Nadhiri

Hapo zamani, na mwenye haraka aondoke sasa, maana hadithi hii ikifika mwisho humdai msikilizaji jibu, palikuwa na mjane msusi wa mikeka, jina lake Bi Mwanatumu. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Kombo, naye alipanda chombo kwenda kutafuta maisha, asirudi. Miaka ikapita, hakuna salamu, hakuna habari. Watu wakamshauri amsomee hitima, kama maiti. Bi Mwanatumu akawajibu, "Someeni wenu," akaendelea kusuka.

Alikuwa akisuka mkeka mmoja asiotaka kuuuza. Aliuanza siku Kombo alipoondoka, akausuka kwa utepe mwembamba wa ukili, safu baada ya safu, na kila mtu mjini aliutamani.

Mwaka mmoja, majirani zake watatu wakafunga safari za ibada. Mwalimu Badi alikwenda Makka kuhiji. Mama Yustina alikwenda Yerusalemu, kwenye kaburi la Bwana wake. Premji sonara, mgeni aliyehamia mjini baada ya Kombo kuondoka, alikwenda Kashi, mji mtakatifu wa dini yake, na majivu ya baba yake ndani ya gudulia la shaba, ayamimine katika mto Ganga, ili mzee apate kupumzika.

Bi Mwanatumu akabisha kwa Mwalimu Badi, akasema, "Uendako dua husikilizwa. Mtaje mwanangu. Kombo akirudi kwa sababu yako, mkeka huu ni wako." Akabisha kwa Mama Yustina, akasema, "Uendako dua husikilizwa. Mtaje mwanangu. Kombo akirudi kwa sababu yako, mkeka huu ni wako." Akabisha kwa Premji, akasema yale yale. Wote wakaahidi.

Watu wakamcheka. "Bi Mwanatumu, mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika tatu!"

"Aliyepotelewa na mtoto hachagui mlango wa kubisha," akasema.

Sasa mji ule ulikuwa na ada yake. Mtu aliyerudi kwa nadhiri havuki kizingiti mpaka nadhiri itolewe. Na ikitolewa kwa asiyestahili, walisema, njia humwita tena msafiri, naye huitika. Msicheke. Kila mji una yake, na Bi Mwanatumu aliiamini ada hiyo kama alivyoamini kuwa moto huunguza.

Mwalimu Badi akarudi wa kwanza, akasema, "Nimemtaja." Premji akarudi wa pili, kainamisha kichwa, na gudulia lake bado kwapani. Hakuna aliyemuuliza. Kisha siku moja asubuhi akarudi Mama Yustina, na nyuma yake, amekonda mifupa mitupu, Kombo.

Bi Mwanatumu akakimbia hadi mlangoni, mikono wazi. Kisha akaishusha. Hakuna aliyejua ilimgharimu nini kuishusha.

"Simama hapo hapo, mwanangu," akasema. Akaingia ndani, akatoka na mkeka, akawaita majirani zake watatu. "Haya, semeni."

Mwalimu Badi akasema, "Mimi sina mtoto, mnajua. Nilikwenda kuomba mtoto. Nilipofika Arafa nikasema, nitaanza na wa Bi Mwanatumu. Nikamwombea Kombo, nikalia, nikarudia. Nilipoinua kichwa jua limezama, wakati wa dua umekwisha, na langu sijaomba. Niliahidi kumtaja, nikamtaja. Mkeka ni wangu."

Mama Yustina akasema, "Mimi sitasema uwongo, shoga yangu. Nilifika Yerusalemu, nikabusu mawe, nikawasha mishumaa, nikamsahau Kombo kabisa. Njiani kurudi, bandarini Adeni, nikamkuta kijana anaomba apakiwe, hana nauli, kila chombo kinamfukuza. Nikamuuliza mama yake nani. Alipokutaja nilihisi nimepigwa kofi. Nilikuwa na kanzu nyeupe niliyoichovya katika mto Yordani, nizikwe nayo. Nahodha alikuwa Mkristo wa Uhabeshi mwenye mama mgonjwa, akaitaka kwa ajili ya mama yake. Nikampa ikawa nauli ya Kombo. Mimi nitazikwa na shuka yoyote. Mkeka ni wangu."

Premji akageuka kwenda zake.

Lakini Kombo alikuwa akimkodolea macho. "Mama, ni huyu! Homa iliniangusha Adeni, siwezi hata kusema. Huyu ndiye aliyeninywesha uji."

"Mimi sikuja kudai," Premji akasema. "Chombo chetu kilipasuka, kikaingia Adeni kutengenezwa. Pale nilipolala palikuwa na mtu anakufa, hana wa kumtazama. Nikamtazama. Chombo kikapona kabla yake, kikaondoka. Nauli yangu ya kuendelea hadi Kashi ikaishia kwenye dawa. Alipoanza kula mwenyewe, ulimi bado mzito, hata jina lake sijalijua, nikarudi nyumbani. Kashi sikufika, na Kombo sikumtaja popote, kwa kuwa niliahidi kumtaja nikifika."

"Ilikuwa mwezi gani?" akauliza Mwalimu Badi.

"Mfungo Tatu."

"Mwezi wa Arafa! Nani basi aliyekipasua chombo chako penye mgonjwa huyu, kama si Yule niliyemwomba?"

"Basi mkeka apewe Yeye, Mwalimu, si wewe," Premji akajibu.

"Lakini hukumjua! Ungemuuguza yeyote," akasema Mwalimu Badi.

"Kweli," akasema Premji. "Na baba yangu bado yuko rafuni."

"Nyote wawili mngemwacha Adeni," akasema Mama Yustina.

"Nawe ungempakia maiti," akasema Premji.

Mtu mmoja kati ya watazamaji akapiga kelele, ukatwe vipande vitatu! Bi Mwanatumu hakumjibu. Hata mtoto mdogo anajua kuwa mkeka ukikatwa hufumuka.

Jua likapanda. Kombo, ambaye bado hakuwa na nguvu, akachoka kusimama. Akachuchumaa, vidole vyake vikagusa kizingiti.

"Mama, niingie tu."

"Usivuke!" Bi Mwanatumu akapiga ukelele. "Nilikupoteza mara moja."

Akamtazama aliyeomba akasahau lake. Akamtazama aliyesahau akalipa kwa aibu. Akamtazama aliyesaidia mtu asiyemjua. Mkeka alikuwa ameukumbatia kifuani, mahali alipotaka kumweka mwanawe.

Hapo ndipo nilipopewa hadithi hii, na hapo ndipo ninapoitua. Kombo yuko nje juani, na mama yake hathubutu kukosea. Nyinyi mliokaa kivulini mkisikiliza, msaidieni: je, nani alistahili mkeka?